Nyumba za Zamani za Mlimani Zinauzwa: Maswali Yenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu nyumba zile za miaka ya 1950 na 1960 za Capri Point na Isamilo, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, zenye paa bapa la zege, sakafu ya teraso (zege yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa ikang'aa) na kuta za matofali ya matundu. Wenye nazo wamezeeka, watoto wanauza.

*Shikamoo mama. Dalali anasema nyumba anayonionyesha ilichorwa na msanifu majengo, ndiyo maana bei iko juu. Nitajuaje kama ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Omba michoro kwanza, yenye jina, tarehe na sahihi. Akikutajia jina kubwa bila karatasi, usililipie. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1921, ni kati ya waliotangulia kuleta mtindo huu kwetu, na Mjerumani Ernst May alichora jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, kule Moshi. Majina ya namna hiyo ni rahisi kuyataja.

Halafu nenda ukaikague saa kumi alasiri. Hapa kwetu machweo mazuri na jua kali vinatoka upande mmoja, wa ziwani. Fundi wa kawaida hufungua dirisha kubwa magharibi, sebule ikawa tanuri. Aliyejua kazi ameweka upenu mrefu, kibaraza kirefu au ukuta wa matundu, ili ulione ziwa huku jua likibaki nje. Pande ndefu za nyumba huzielekeza kaskazini na kusini, kwa sababu huko upenu mfupi tu unatosha. Fungua madirisha ya pande zote mbili usimame katikati ya sebule: mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu, na nyumba iliyochorwa vizuri huupitisha kotekote.

Tazama na mawe. Nyumba ikiwa imejipenyeza katikati ya majabali bila kuyapasua, yupo mtu aliyekaa akautazama mlima kabla hajashika penseli. Hapo bei ya juu ina sababu, nami ningeilipa.

*Paa la zege linavuja. Nipige bati juu yake yaishe?*

Usikimbilie bati. Paa bapa si bapa kabisa, lina mteremko mdogo kuelekea kwenye matundu ya kutolea maji, na mara nyingi matundu hayo yameziba majani tu. Yazibue, kisha tazama tabaka la lami kama limepasuka. Kinachonitisha mimi ni nondo. Maji yakizifikia zinashika kutu, kutu inavimba na kuipasua zege kwa ndani. Gonga dari kwa nyundo ndogo. Panapolia kama debe tupu, zege imeshaachana na chuma. Mwite mhandisi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Na ukaguzi wako uufanye Novemba au Aprili, mvua ikiwa inanyesha.

*Banda la nyuma limeezekwa asbesto.*

Usitoboe, usikate, usivunje. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Gharama ya kuliondoa kwa njia salama ipunguzwe kwenye bei.

*Kiwanja kinafika majini kabisa. Nitajenga chumba cha wageni ufukweni?*

Hapana, ndugu yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata bila sheria, ziwa lenyewe halitulii. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likafurika tena hadi kwenye nyumba za watu. Mchoro wa kiwanja wa miaka ya 1950 ulipimwa ziwa likiwa chini. Mpeleke mpima ardhi apime upya, kisha uulize ofisi ya Kanda ya Ziwa ya NEMC, baraza la taifa la mazingira.

*Muuzaji ni mume, mke yuko Dodoma. Sahihi moja inatosha?*

Haitoshi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Mke asaini mbele ya wakili, nawe ukafanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi mwenyewe, bila kumtuma dalali.

*Tumeshanunua, dada. Mume wangu anataka kung'oa luva, yale madirisha ya vioo vyembamba vinavyoinama, aweke aluminiamu ya kusukuma, azibe matundu, aweke kiyoyozi.*

Mzuie, tafadhali. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, luva hufunguka zima na huachia hewa hata mvua ikinyesha. Ukiziba matundu, chumba kinakosa pumzi na ukungu unaanzia nyuma ya kabati. Vidudu vya ziwani vinazuiwa na wavu wa ndani. Hiyo hela ya aluminiamu ipelekeni kwenye nyaya za umeme na mabomba. Nyaya za enzi zile hazikuwekwa kwa ajili ya friji, pasi na birika kwa wakati mmoja, na mabomba ya chuma ya umri huo yameshaliwa kwa ndani. Teraso msiifunike vigae. Mwiteni fundi mwenye mashine ya kusugua, mtaona rangi yake ya kwanza.