Kulungu Akishakuhisi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza katika barua yako: kulungu akiinua kichwa ghafla na kukukazia macho, nawe upinde uko mkononi, usubiri mpaka lini? Subiri mpaka yeye mwenyewe atulie.

Macho ya kulungu yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa kisogoni. Umbo lililotulia humpa shida kulitambua, lakini kikijongea kitu hukiona papo hapo. Basi anapokutazama, huenda hajui wewe ni nini. Ukifuta jasho au ukigeuza shingo, umeshamjibu. Mkono ubaki pale pale ulipokutwa. Teremsha macho kidogo, usimtumbulie, na upumue kwa pua polepole.

Kisha atakujaribu. Atapiga kwato chini, pengine zaidi ya mara moja, ili aliyejificha ajitokeze. Halafu hufanya lile linalowaponza wengi: huinamisha kichwa kana kwamba amerudi kula, mara hukiinua tena. Hajala chochote! Wewe tazama masikio. Yakiwa bado yameelekea kwako na shingo imekakamaa, bado anakupima. Yakianza kugeuka huku na kule, kila moja kivyake, mkia ukachezacheza, akatafuna kwelikweli, hapo wasiwasi unamtoka. Hata hapo mwongezee muda. Na kama wako kundi, usimwangalie dume unayemtaka peke yake. Jike mzee aliyesimama pembeni ndiye atakayekuumbua.

Pua yake ni habari nyingine. Akinasa harufu yako, subira haina kazi tena: atapuliza pua kwa kishindo, atainua mkia na kutoweka. Ndiyo maana upepo hupimwa kabla ya kuchagua maficho, hasa kwenye miinuko, ambako alfajiri hewa baridi huteremka bondeni, na jua likishapasha ardhi hewa hupanda.

Najua unavyowaza: yuko mita 30 tu, kwa nini nisiachie? Sauti ya ugwe, yaani kamba ya upinde, husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na mshale, hata wa upinde wa kisasa, haufiki theluthi ya mwendo huo. Sauti humfikia kwanza. Kulungu aliyekwisha kushtuka hukunja miguu ili aruke, mwili hushuka, na mshale uliolengwa moyoni humpita juu au humchoma mgongoni. Kumkosa si neno, mwanangu. Kumjeruhi akaenda kufa taratibu vichakani, hilo ni neno zito, na sitaki likupate wewe wala yeye.

Kwa hiyo ikiwa umeshavuta upinde na mkono unatetemeka, urudishe ugwe polepole, hata kama ataona na kukimbia. Mwache aende. Ninakusihi hili kuliko yote niliyoandika.

Akiondoka kwa kutembea, bila kukimbia, usitoke mafichoni upesi. Kaa hapo hapo kitambo. Aliyeondoka na mashaka tu huenda akarudi, au akafuatwa na mwingine usiyemwona.

Utakapojibu, nieleze maficho yako yako upande gani wa njia yao, na upepo wa asubuhi huvuma kutoka wapi.

Nakupenda,
Baba yako