Kwa mnaoanza kuhudumia wagonjwa kwa simu

Nyie mnaoingia sasa kwenye huduma ya simu hapa Tanga, dawa mmesoma chuoni. Kinachowasumbua wageni wengi ni uandishi. Mgonjwa aliyefika hospitali ya Bombo ana faili, ana kadi, na muuguzi aliyempima presha anamkumbuka. Aliyekupigia kutoka Mkwaja ana maandishi yako tu.

Anza kwa kumjua unayeongea naye. Akina Mwanaidi huku ni wengi, na simu mara nyingi ni ya mtoto au ya jirani. Uliza majina matatu, umri, kijiji na kitongoji, kisha andika namba ni ya nani. Kabla hujataja majibu, uliza nani yuko karibu. Majibu ya VVU hapewi mwenye simu; Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayalinda.

Maandishi yenyewe yawe hivi:

“Saa 4:20 asubuhi, simu ya sauti, namba ya mwanawe. Ameongea mgonjwa mwenyewe, amekubali kuhudumiwa kwa simu. Kikohozi siku tano. Anasema hana homa, hajapimwa. Sijasikiliza kifua. Nimemwambia aende zahanati leo, na akibanwa pumzi asisubiri.”

Hilo “sijasikiliza kifua” wengi huliona aibu, wakaliruka. Msiliruke. Atakayempokea zahanati anahitaji kujua kipi hakijafanyika, na likizuka lalamiko, ndilo litakaloonyesha uliamua ukiwa na nini mkononi. Na andika kabla hujapokea simu inayofuata, maana jioni vikohozi vyote vinafanana.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuona ulichoandika na kuomba kirekebishwe (kwa hiyo kejeli kama “mama msumbufu” ziache hukohuko kichwani). Kupeleka taarifa nje ya nchi nako kuna masharti yake. Sasa fikiria picha ya kidonda uliyotumiwa WhatsApp: inaingia kwenye galari, simu inajihifadhia nakala yenyewe kwenye seva usiyojua iko nchi gani. Ihamishie kwenye mfumo wa kituo, hakikisha imeingia, ndipo uifute kwenye simu yako.

Nywila msiazimane, hata zamu ikiwa ndefu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, ila mahakama huangalia zilivyotunzwa na aliyeziingiza anavyotambulika. Ukikosea, usifute: ongeza maelezo mapya yenye tarehe na jina lako. Kwenye daftari, piga mstari mmoja unaoacha maneno ya zamani yasomeke, kisha saini.

Siku ukihama kituo, rekodi zinabaki. Omba akaunti yako ifungwe, na uombe uthibitisho wa maandishi.