Ukimpandisha Bibi meli ya Meksiko

Kila nikiweka ile picha ya mama yangu, kanga begani na miwani ya jua usoni, nyuma yake bahari ya Pasifiki, watu wananijazia maswali. Mlipitia wapi? Viza ilikuwaje? Bei gani? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi leo naandika, anayetaka asome.

Tunaishi Minneapolis, mimi, mke wangu na watoto watatu. Mama alikuja kutoka Tanga kututembelea, akakuta theluji. Wiki ya kwanza aliifurahia, akapiga picha, akawatumia majirani. Wiki ya pili akaacha kutoka nje. Alikaa dirishani na shali mbili, akasema, "Kumbe mwanangu unaishi ndani ya friza." Ndipo tukakata tiketi za meli ya utalii, siku saba, likizo ya Krismasi: kutoka Los Angeles kushuka mpaka Puerto Vallarta, halafu Mazatlán, halafu Cabo San Lucas, na kurudi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: panga kila kitu kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote. Kwetu alikuwa Mama, miaka sabini na moja na goti moja bovu. Tulipomfuata yeye tulistarehe. Tulipomsahau, tuliona cha moto.

Kabla ya hayo yote, makaratasi. Mgeni wako akiwa na viza ya kutembelea Marekani, fungua pasipoti yake uangalie panapoandikwa idadi ya kuingia. Ukikuta herufi M, anaweza kutoka na kurudi wakati viza ingali hai. Ukikuta 1, hiyo moja ameshaitumia alipotua, na akienda Meksiko anaweza kukwama huko. Meksiko yenyewe haina taabu: mwenye viza halali ya Marekani au grinikadi haombwi viza yao, ila awe na pasipoti ya kwao iliyo hai. Watoto waliozaliwa Marekani wanaruhusiwa kupanda na cheti cha kuzaliwa, kama meli inaondoka na kurudi bandari ya Marekani, lakini mimi niliwakatia pasipoti. Mtoto akiugua Mazatlán na ikabidi arudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakitampandisha. Na wewe mwenye kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, au maombi ya grinikadi yasiyojibiwa bado, tafadhali, usidanganyike kwamba ni matembezi tu. Kushuka Cabo hata kwa muda wa saa tatu tu ni kutoka nje ya Marekani. Ongea na mwanasheria wako kabla hujalipa hata senti.

Jambo la pili: kama unatoka kwenye theluji, ruka siku moja kabla. Meli haisubiri ndege iliyochelewa. Sisi tulilala Los Angeles, asubuhi tukaenda bandarini San Pedro tumeshiba na hatuna presha.

Presha yenyewe ilikuja baadaye, na ni kosa langu. Pale bandarini wapagazi wanachukua masanduku, nawe unapanda mikono mitupu kama tajiri. Hakuna aliyenikumbusha kwamba masanduku yanaletwa chumbani baada ya saa kadhaa. Dawa za presha za Mama zilikuwa ndani ya sanduku la buluu. Mpaka saa mbili usiku sanduku halijaonekana, mimi napanda na kushuka lifti, mke wangu hanisemeshi, Mama ananiambia, "Tulia baba, sijafa." Lilifika saa tatu kasorobo. Dawa, miwani, nguo moja ya kubadilisha, pasipoti, vyote viwe kwenye mkoba wa mkononi. Na ujue daktari wa meli yupo, ila analipwa kwa bei yake, na bima nyingi za Marekani hazimtambui. Mkatie mzee bima ya safari.

Chumba chukua katikati ya meli, sitaha za chini, karibu na lifti. Katikati ndipo meli inapocheza kidogo, huko omo na tezi unarushwa. Siku mbili za kwanza ni bahari tupu, na usije na kaptula ukidhani Meksiko ni joto: kando ya Baja California upepo ni mkali na maji ni ya baridi. Mama alisimama sitahani, akalitega shavu upande wa upepo kama alivyokuwa akifanya babu yangu mvuvi, akatoa hukumu: "Hii siyo kaskazi." Kwao Desemba ni kaskazi, upepo wa joto. Huu ulimrudisha ndani kutafuta sweta. Binti yangu mdogo bahari ilimlevya vibaya. Tangawizi ya bibi yake ilimsaidia kuliko vidonge, au labda vidonge vilikuwa vimeanza kufanya kazi, sitaki ugomvi.

Chakula ni kingi kupita kiasi. Kama hamli nguruwe, mwambieni mhudumu wa meza yenu usiku wa kwanza, naye atawaangalia wiki nzima. Wa kwetu alikuwa Mfilipino mpole, na msaidizi wake kijana wa Kilifi. Yule kijana alipoiona kanga akasimama na trei yake mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, watokea wapi?" Basi. Tangu usiku ule hatukukosa pilipili mezani. Kibla ndiyo ilitusumbua, maana meli inageuka. Mama alikuwa akinituma nikatazame ramani kwenye televisheni ya chumbani kabla ya kutandika mswala.

Puerto Vallarta meli inafunga gatini, unashuka kwa miguu yako. Tulichukua teksi mpaka Malecón, barabara ya kando ya bahari ambayo magari hayaingii, benchi kila baada ya hatua chache, minazi, sanamu ya kijana juu ya farasi wa baharini. Mama akaketi. Akapita mzee mmoja amebeba kibuyu kikubwa, anauza kinywaji cheupe kwenye vikombe, juu anatia tofaa lililokatwakatwa na karanga. Mama akaomba anuse. Akanitazama.

"Hili tembo hili."

Nikamwambia hapana Mama, hapa Meksiko. Akanusa tena. "Mimi nimezaliwa kwenye minazi, utanifundisha tembo? Muulize kama ni la leo." Kwa Kihispania changu cha kazini nikauliza. Mzee akaonyesha mnazi, akafanya kwa mkono kama anayekata karara, akasema limegemwa asubuhi. Wanaliita tuba. Mama akaamua kwamba la asubuhi ni tembo tamu, halijachacha, akanywa mafunda mawili, akalaumu kwamba limetiwa maji. "Mgema akisifiwa," akasema, hakumalizia.

Usiku nikamsimulia yule Mfilipino wetu. Akacheka: tuba ni neno la kwao. Na ni kweli. Kati ya 1565 na 1815 merikebu za Wahispania zilikuwa zikivuka Pasifiki kati ya Manila na Acapulco, na mabaharia Wafilipino waliobaki pwani ya Meksiko ndio waliowafundisha wenyeji kugema. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua kama Wafilipino nao wanatia maji.

Kuna vingine vitakavyowafurahisha wazee. Sharubati ya ukwaju ipo kila mahali, na ya choya pia, wao wanaiita jamaica. Matunda yanauzwa yamenyunyiziwa pilipili, chumvi na ndimu, kama nje ya geti la shule kwetu. Mama aliomba "sukari" mgahawani akaletewa, maana wao wanasema azúcar na mzizi ni uleule wa Kiarabu. Meza ni mesa. Baada ya hapo alikuwa haniiti tena nimtafsirie.

Sasa, saa. Hapa sikiliza vizuri. Wakati wa baridi Puerto Vallarta iko mbele ya Los Angeles kwa saa mbili, Mazatlán na Cabo kwa saa moja. Meli yetu ilisogeza saa ikafuata Puerto Vallarta, na kesho yake Mazatlán ikabaki hivyohivyo. Simu zetu zikajirudisha nyuma zenyewe. Tuko ufukweni, mbali na bandari, watoto wanakula kamba, mimi naona kwenye simu saa tisa kasorobo, mwisho wa kupanda ni saa kumi na nusu, raha mustarehe. Mama akaitazama saa yake ya mkononi, ile ya mshale aliyonunua Barabara ya Kumi na Mbili kule Tanga, ambayo aliirekebisha kwa saa ya meli na haijui intaneti. "Baba, hii inasema saa kumi kasorobo."

Tulikimbilia pulmonía. Ni vigari vya wazi, teksi za Mazatlán, fikiria bajaji iliyonenepa. Jina maana yake ni nimonia, kwa sababu ya upepo. Dereva alielewa uso wangu bila maneno. Tulifika tumebakiza dakika kumi. Basi mzee avae saa ya mkononi, na wote muifuate hiyo. Mkienda matembezi yaliyouzwa na meli, yakichelewa meli inawasubiri. Mkienda kivyenu haiwasubiri.

Cabo sitasema mengi. Meli inatia nanga nje, mnashushwa kwa boti ndogo, na mzee mwenye goti bovu anaruka kutoka kwenye kitu kinachocheza kwenda kwenye kitu kinachocheza. Mabaharia wanamshika vizuri, lakini Mama aliangalia mara moja, akarudi sitahani. Yeye ndiye aliyeona nyangumi, wawili, wakati sisi tumepanga foleni tukaone tao la mwamba na simba bahari pamoja na watu elfu.

Pesa: nauli mnayoiona kwenye tangazo siyo mtakayolipa. Bakshishi ya wahudumu inaongezwa kwa kila mtu kila siku, watoto pia, kampuni nyingi dola kati ya 16 na 20. Kwa watu sita siku saba ni kama dola 670 mpaka 840. Intaneti mbali, soda mbali, picha mbali. Kama shule inawaruhusu, nendeni mwanzoni mwa Desemba. Bei inakuwa chini, na Puerto Vallarta watu wanaandamana usiku na mishumaa mpaka tarehe 12, sikukuu ya Bikira wa Guadalupe.

Usiku wa mwisho mnaambiwa muweke masanduku nje ya mlango. Kwanza hakikisheni mmebakiza viatu. Mwanangu wa kiume alishuka Marekani na ndara za kuogea. Na matunda ya kwenye bafe msishuke nayo, forodha hawataki. Mama alikuwa na matofaa mawili mkobani. Nikamwambia kuna pipa pale, yatupe. Akanitazama kama nimemtukana mtu. Akasimama kando ya foleni, akafuta la kwanza kwa ncha ya kanga, akaanza kula, taratibu, na meno yake ndiyo hayo. Watu wote wa meli wakatupita. Alipomaliza la kwanza akaanza la pili.