Muulize Fundi: Fyuzi Haikai

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kinyozi wa Nkuhungu, Dodoma. Nina pawa saplai ya volti 12 aliyoniachia marehemu baba, ile nzito ya transfoma, ninayowashia redio ya gari kibandani. Mwaka jana jirani alinibadilishia kapasita kubwa. Miezi michache baadaye spika zikaanza kuvuma mmmm, hata sauti nikiishusha kabisa. Juzi umeme ulikatika. Uliporudi ikanuka, ikazima. Fyuzi imeungua, na naweka nyingine inaungua hapo hapo. Jirani anasema ni transista ya nyuma, 2N3055, na ameniviringia fyuzi karatasi ya fedha ya sigara ili tujaribu. Sijawasha bado. Transfoma imeandikwa 15V 3A, kapasita 4700 µF 16V. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Itoe hiyo karatasi ya sigara sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Fyuzi ikikatika mara mbili inakwambia kuna shoti. Ukiiziba mdomo, kitakachoungua ni transfoma, na transfoma ya shaba kama hiyo huiokoti njiani.

Halafu ahsante kwa kuandika namba, maana mkosaji yumo humo humo. Hizo 15V ni za AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa ukutani. Zikishapita kwenye dayodi nne, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kapasita hujaa mpaka kilele cha wimbi: 15 mara 1.4 ni 21, toa karibu 1.4 zinazoliwa na dayodi, unabaki na volti kama 20. Redio ikiwa imezimwa hupanda zaidi. Jirani yako ameweka kapasita ya 16! Ikizidiwa hivyo hupata joto na kukauka, na ikikauka haijazi tena mabonde kati ya mawimbi. Ndio huo mvumo wako, ambao kwa umeme wetu wa 50 Hz hutoka kwa 100, na ndiyo maana kushusha sauti hakukusaidia. Mwisho wake hushika shoti na kuondoka na dayodi. 2N3055 iache kwanza. Nimeona vijana wakinunua tatu mfululizo, na ubovu uko mbele yake.

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, maana upande wa 230 ndio unaoua. Kapasita itoe chaji kwa balbu ya indiketa ya pikipiki, sekunde chache. Usiigonge na bisibisi. Tazama kichwa chake kama kimevimba kama andazi. Vumbi letu la kiangazi lifute kwa brashi yako ya shingoni, ila usiirudishe kwa wateja.

Sasa fungua mguu mmoja wa kila dayodi, weka mita kwenye alama ya dayodi. Nzima husoma 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na ukigeuza waya haisomi kitu. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imekufa. Badilisha zote nne, bei yake ni ndogo. Chukua 1N5408 za ampea 3. Ukipewa 1N4007 rudisha, hizo ni za ampea 1. Kapasita nunua 4700 µF ya 35V. Mstari ubavuni wenye alama za kutoa ndio hasi, na ukiigeuza itapasuka mbele ya uso wako.

Usiichomeke moja kwa moja. Unganisha balbu ya zamani ya uzi, 60W, kwa mfululizo kwenye waya wa moto (ya LED haifai). Kama hujawahi kushika umeme wa ukutani, hapa tu mwite fundi akusimamie. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, umepona. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti, na hapo ndipo ufungue 2N3055 ya jirani. Uangalie kipande chembamba cha maika chini yake, kinachozuia umeme, kisiwe kimechanika, kwa sababu mwili mzima wa transista hiyo ni kolekta, yaani mmoja wa miguu yake ya umeme, na bati limeshika boksi.

Ukishapona hapo, itoe ile balbu ya 60W na uijaribu saplai kwanza kwa balbu ya gari ya 21W, si kwa redio yako. Mita isome 12 au pungufu kidogo, bila kushuka, kwa dakika kumi. Fyuzi weka ya nusu ampea, ile ya kuchelewa kukatika.