Maswali ya Wasomaji: Kondensa ipi kwa friji la propani?

SWALI: Nahifadhi zabibu kwenye friji la milango ya vioo linalotumia propani, R290, gramu 140. Kondensa yake (sehemu ya nyuma inayopoza gesi hadi igeuke maji), ya mirija ya shaba ya milimita 9.5, imetoboka. Dukani wananishawishi ninunue ya mikrochaneli (mirija bapa yenye vijitundu vyembamba ndani), fundi anasema ya mirija ya milimita 5. Nimsikilize nani?
Msomaji, Hombolo, Dodoma

JIBU: Msikilize fundi. Zote mbili hubeba gesi kidogo, na kwa propani hilo ni jambo kubwa, maana huwaka ikifika asilimia 2.1 tu ya hewa. Mita moja ya mrija wako wa zamani ikijaa propani iliyogeuka maji (kimiminika) kwenye nyuzi 40 humeza karibu gramu 29. Ya milimita 5 haifiki gramu 8. Mikrochaneli hubeba kidogo zaidi, lakini mapezi yake (vibati vyembamba vya kupoza) husongamana na vumbi la kiangazi Dodoma huyaziba upesi. Chukua mapezi bapa yaliyoachana milimita 2 au zaidi.

Kataa mrija mmoja mwembamba unaozunguka kondensa nzima, utapoteza presha njiani. Gesi iingie kwa njia mbili, ziungane chini inapokuwa imeshageuka maji. Uso wa kondensa nao uongezwe kidogo: huku tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 10, feni ileile inapoza pungufu.

Sasa penye makosa mengi. Fundi asijaze gramu 140 za kwenye kibandiko; hizo ni za kondensa ya zamani. Zikizidi, hujaa kwenye kondensa, presha hupanda na kompresa huchemka. Gesi iliyobaki itolewe nje, mbali na moto, mfumo upulizwe nitrojeni ndipo achomee. Aweke filta mpya, apime uvujaji kwa nitrojeni, avute vakyumu (atoe hewa yote) hadi mikroni 500 kwenye geji ya vakyumu. Aanze na gramu 100 kwa mizani inayosoma gramu moja moja, asubiri friji litulie, kisha aongeze tano tano. Geji ya presha ya juu ikisoma baa 12.8, propani inageuka maji kwenye nyuzi 40; bomba la kutokea kondensa likiwa nyuzi 35 hivi, aache hapo.

Na gesi ya mtungi wa jikoni asiiguse, hata kwa majaribio: ina butani, dawa ya harufu na pengine unyevu, na unyevu ukiganda huziba kapilari, ule mrija mwembamba unaopitisha propani kwenda sehemu ya baridi.