Wanafunzi 25 kwenye Jupyter moja, ninunue ramu GB ngapi?

SWALI: Habari za kazi mkuu. Nafundisha takwimu chuo kimoja hapa Mtwara mjini, darasa lina watu 25. Tuna kompyuta moja ya mezani ina ramu GB 16, nimeweka Jupyter (programu ya kuandika na kuendesha Python kwenye brauza), wote wanaingia kwa pasiwedi moja kupitia waifai ya maabara. Wakifika kama kumi hivi mashine inaganda, na mara nyingine tunakuta kazi ya mtu imepotea. Mkuu wa idara kakubali kutoa hela ya ramu, ninunue GB ngapi?

JIBU: Salama mwalimu, poleni na pilika. Usinunue kwanza. Hata ukiweka 32 itaganda tu, itachelewa kidogo basi, maana shida yako iko kwenye hiyo pasiwedi moja.

Iko hivi, Jupyter ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, haijui kama mko 25, yenyewe inaona ni wewe tu umefungua madirisha mengi. Kila notibuku (faili la kazi la Jupyter) ikifunguliwa inawasha keneli yake, yaani injini inayoendesha ulichoandika, na keneli inakula ramu, na mwanafunzi akifunga brauza akaenda zake kunywa chai ile keneli haifi, ipo tu imeshikilia data zake mpaka mtu aizime, sasa wa asubuhi wakiacha zao na wa mchana wakaja na zao hizo GB 16 zitatosha wapi. Na kazi kupotea sio mkono wa mtu (najua hapo darasani lazima kuna aliyesema), ni watu wawili wamefungua faili moja, kila anayesevu anamfunika mwenzake. Mimi yalinikuta Lindi kwenye ofisi moja niliyofunga hivyo hivyo, mtu kafuta folda akidhani ni yake kumbe ya bosi, wiki nzima simu hailali.

Unachotaka wewe ni JupyterHub. Hiyo inakaa mlangoni, kila mtu anaingia kwa jina lake anapewa seva yake na folda yake. Kwa mashine moja kama hiyo chukua ile inaitwa The Littlest JupyterHub, inatosha kabisa mpaka watu kama 100, zile za Kubernetes waachie wenye mashine nyingi, usijitese. Inataka Ubuntu, kwa hiyo kama hapo kuna Windows toa data zako kwanza. Intaneti utaihitaji siku ya kufunga na siku ukiongeza laibrari, siku nyingine zote waifai ya ndani inatosha hata bando likiwa limekata. Ila usiifungulie nje ya chuo kabla hujaweka HTTPS, ile inayoficha pasiwedi zisisomwe njiani.

Pasiwedi sasa. Wewe admini unaandika majina, mwanafunzi akiingia mara ya kwanza pasiwedi atakayoandika ndo inabaki yake. Fanya siku moja wote wakiwepo, la sivyo yupo mtundu atawahi jina la mwenzake, nawajua hawa. Na wewe mwenyewe ingia wa kwanza kabisa.

Haya, ramu. Kwenye teminali andika sudo tljh-config set limits.memory 512M halafu sudo tljh-config reload, waliokuwa ndani wazime seva zao waingie upya. 512 mara 25 ni MB 12,800, inabaki ya kutosha kwa Ubuntu yenyewe. Akizidisha mtu keneli yake inakufa peke yake, atalalamika yeye, wale 24 wanaendelea. Halafu seva ikikaa dakika 10 haina kazi inazimwa, hiyo inakuja imewashwa tayari, faili zinabaki ila vilivyokuwa kwenye kumbukumbu vinaondoka, itabidi waendeshe seli (vile vipande vya notibuku) upya.

Utaniuliza 512 zinatosha kweli? Inategemea wanavyosoma data. Tuseme mna CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi) ya mauzo ya korosho, pandas, ile laibrari ya Python ya kusomea majedwali, ikiipakia inaweza kuwa kubwa kuliko faili lenyewe mara kadhaa, hasa safu za maneno, yaani Tandahimba na Newala zimejirudia mistari laki tatu na zote inazibeba kama maandishi. Geuza safu ya wilaya iwe category, inatunza kila jina mara moja na kwingine inaweka namba, na usome safu unazohitaji tu kwa usecols. Hapo ndo ramu inapopona, sio dukani. Faili lenyewe liweke mara moja /srv/data, wasome tu wasiandike, na uweke linki yake kwenye /etc/skel kabla hawajaanza kuingia, kila akaunti mpya itakuja nayo.

Ile hela mwambie mkuu wa idara anunue UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) na diski ya nje. Umeme wetu mnaujua, na Jupyter inajisevu kila dakika mbili tu, ukikatika katikati hapo imekula kwako. Diski ni ya kunakili /home yote kila Ijumaa. Ikibaki chenji ndo uongeze ramu.