Barua kwa mwanangu: kuhusu wasiotaka kurudi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwenzako wa kazini, Mhindu, amefiwa na mama yake, nawe kwa kutaka kumfariji ukamwambia bila shaka mama atazaliwa tena. Akakushukuru, kisha akakuambia kwamba wao wanaomba asirudi. Ndipo ukaniuliza: "Baba, wewe unaamini mtu hufa akazaliwa tena?"

Nitafika huko. Lakini hilo la kuomba asirudi ndilo lililoninyima usingizi, na sababu yake ni bibi yako.

Ulikuwa na miaka mitatu. Usiku ule zamu ya kumkesha ilikuwa yangu, na kwa kutafuta la kuzungumza nikamwuliza, "Mama, ungeambiwa uanze maisha upya, ungeanzia wapi?" Nilitaka ataje siku aliyonizaa. Akaugeukia ukuta akasema, "Nisirudishwe popote. Nimemaliza." Nikatoka nje, nikasimama gizani mpaka baridi ikanirudisha ndani. Nilimkuta amelala, na hatukuzungumza tena hadi alipokata roho. Miaka yote hii nimelibeba neno lile kana kwamba alitukataa: mimi, baba zako wadogo, na wewe uliyekuwa ukilala miguuni pake.

Sasa kwa Wahindu, kuzaliwa tena si zawadi kama ulivyodhani. Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, inasema roho huvua mwili uliochakaa ikavaa mwingine, kama mtu abadilishavyo nguo. Ni maneno mazuri, ila kuvaa na kuvua huko hakuna mwisho. Karma, yaani matendo ya mtu na matunda yake, ndiyo inayouendesha mzunguko huo wanaouita samsara: kuzaliwa, kuugua, kuzika uwapendao, kufa, na tena kuzaliwa. Moksha ni kufunguliwa humo. Wapo wazee wanaohamia Varanasi, mji mtakatifu wa India kando ya mto Ganga, wakangoje kifo huko, kwa imani kwamba anayefia pale hufunguliwa. Mama asiyerudi, kwao, amefika.

Laiti ningalilijua hili usiku ule.

Swali lako sasa. Msimamo wangu unaujua tangu ukiwa shuleni: mtu hatozwi deni asilokumbuka kulikopa. Nikiteseka leo kwa makosa ya mtu nisiyelijua hata jina lake, haki iko wapi? Kwa hiyo nashikamana na tulichofundishwa, kufa mara moja, kisha hukumu.

Lakini yuko mtawa wa Kibudha, Nagasena, anayenisumbua. Alihojiwa juu ya jambo hilihili na Milinda, mfalme Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi karne ya 2 kabla ya Kristo. Akamjibu kwamba mwizi wa maembe hawezi kujitetea akisema, "Mwenye shamba alipanda kokwa, na mimi sikuiba kokwa." Maembe yametokana na kokwa ile. Na ajabu ni kwamba Wabudha hawaamini hata kuwepo kwa roho isiyobadilika inayohama. Kwao ni kama taa inayowaka usiku kucha: mwali wa alfajiri si ule wa jioni, wala si wa taa nyingine. Nami sikumbuki nilivyonyonya, ila mwili huu ulijengwa na maziwa yale. Hapo hunyamaza. Kisha huanza upya: hata hivyo, deni asilolikumbuka mtu hatozwi!

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Wiki chache baada ya mazishi ulinipanda mgongoni ukasema, "Baba, nilipokuwa mkubwa nilikuwa nakubeba hivi." Mama yako alicheka mpaka machozi. Mimi nilikukemea, nawe hukulisema tena. Nilikukemea kwa sababu moyo uliniruka kwa furaha, na furaha ile ilinitisha.

Watoto husema mengi, najua. Ningependa niandike hapa "hapana" niweke nukta, lakini mkono unakataa. "Ndiyo" nayo siwezi. Bibi yako alisema amemaliza, na sitaki kuwa mtu aliyemvuta arudi kwenye haya yote kwa kuwa tu alimkosa.

Mwulize mwenzako kama mama yake aliwaaga, na kwa maneno gani. Akikuambia, uniandikie vilevile alivyosema.

Baba yako